Gari Lisilo na Pistoni

Kwenye kivuko cha kwenda Sengerema, miaka ile magari ya mtumba ya Japani yalipoanza kumiminika, Ogweno aliegemea lake, jekundu, la chini chini.

"Fundi wa Nyakato alifungua injini, hakuona pistoni, akaniambia nimeibiwa," alimweleza mama mmoja muuza dagaa. "Kumbe ndani kinazunguka chuma cha pembetatu tu. Inakunywa oili, na ukiizima hujui kama itawaka."

"Uza, mwanangu. Nunua pikapu."

"Mama, ikikolea mwendo inaimba. Unasahau kabisa barabara."

Barabara yetu, niijuavyo kwa mashimo yake, haisahauliki.

Kivuko kikagusa gati. Ogweno akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena, na yule mama aliyetaka liuzwe akafumba macho, akasikiliza.