Hakuna Aliyetaja Kosa la Walburga

Wazazi wetu, shikamooni. Mimi ni Beata, mdogo wa marehemu. Ukoo umeniomba nisome haya kwa upole. Nitajaribu.

Marehemu Walburga Mapunda alizaliwa Madaba tarehe 9 Julai 1954, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Otto Mapunda na mama Kunegunda Nyoni. Alisoma hapo hapo Madaba hadi darasa la saba, akajifunza ukarani, akaajiriwa mjini Songea katika shirika la umma hadi lilipouzwa mwaka 1995 na wafanyakazi wakapunguzwa.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Longino Haule, dereva wa lori. Walijaliwa binti mmoja, Agape. Longino alifariki kwa ajali njia ya Tunduru mwaka 1992. Walburga hakuolewa tena, na wapo ambao hawakumsamehe hilo.

Mwaka 1996 alifungua chumba cha gemu mtaani Lizaboni, hapo Songea: televisheni moja na mashine ya kuchezea iliyotoka Dar es Salaam. Watoto walipenda kaseti moja ya mazimwi na vita. Wanawake ndani yake walikuwa wawili tu: binti mfalme aliyefungwa mnarani akingoja kuokolewa, na malkia mwenye jeshi, ambaye lazima auawe.

"Mama, kwani huyu malkia kafanya nini?" Agape aliuliza.

"Wala sijui, mwanangu. Naona ana nchi na hana mume."

Tangu siku hiyo akaweka sharti: anayetaka kumpiga malkia ataje kwanza kosa lake. Watoto walihangaika kweli. Mmoja akasema, "Ana kucha ndefu!" Walburga alicheka hadi machozi.

Novemba 1999 mtaa ulimchagua kuwa mwenyekiti. Alianza na bomba la maji: wenye mapipa, waliozoea kutangulia, wakapanga foleni pamoja na wenye ndoo. Basi, ghafla akawa mchawi. Surua ilipoingia, tukaambiwa kaileta yeye. Watu wazima, wengine mmevaa suti leo, hakuna aliyesimama kutaja kosa lake. Watoto angalau walijaribu.

Tarehe 16 Februari mwaka huu wa 2000, asubuhi, alishikwa na tumbo. Nilikimbilia kwa jirani yetu Isidori, mwenye pikapu.

"Dada Beata, mimi mchawi simpakii. Gari litanipindukia."

Upo hapa, Isidori. Nimekuona.

Mimi na Agape tulimlaza kwenye mkokoteni, tukamsukuma juani hadi hospitali. Njiani alisema neno moja tu: "Polepole, Beata, mashimo." Daktari alituambia utumbo ulikuwa umejisokota, na kwamba angewahishwa angepona. Alifariki kesho yake, Alhamisi, saa kumi jioni. Ni utumbo, ndugu zangu. Si uchawi uliomrudia, kama mnavyonong'ona hapo nyuma.

Marehemu ameacha mama yetu mzazi, wadogo zake watatu, na Agape, aliye kidato cha tatu. Jana msibani watu walikataa chai kutoka mikononi mwa mtoto huyu aliyefiwa. Agape sasa ni wangu. Mwenye neno juu yake aje mlangoni kwangu mchana kweupe, atanikuta.

Dada yangu Walburga, Mungu akupe pumziko ambalo sisi tulikunyima.