Mama Aliyetengeneza Kutu

Ndugu zetu, majirani, na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, na nikikwama katikati naomba mnivumilie.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa nne wa mnoa misumeno, alisoma shule ya msingi ya hapohapo kiwandani kuanzia mwaka 1964, kisha akaenda chuo cha ufundi, akahitimu upakaji rangi wa magari mwaka 1975, msichana pekee darasani, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika gereji iliyo nyuma ya stendi ya mabasi, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka 2015. Gari lililoingia pale limeliwa na kutu lilitoka linang'aa, na mwenye gari aliyemsimamia kichwani alipewa msasa, asugue mwenyewe.

Tarehe 18 Novemba 1978 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa garimoshi lililoshusha magogo kutoka msituni hadi kiwandani, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1980, mdogo wangu wa kiume mwaka 1983, na kitinda mimba wetu mwaka 1988.

Tarehe 2 Mei 1991 mvua ilikula tuta kwenye kona ya daraja la mbao, garimoshi likaanguka bondeni, na mdogo wake baba, tuliyemwita Baba Mdogo, aliyekuwa msaidizi wake kazini, akafariki palepale. Baba aliokotwa kando ya tuta, tukaambiwa alirushwa nje, akapona, lakini macho yake hayakuona tena. Reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa, na baba akawa mtu wa kukaa kitini, hasemi, akisikiliza redio iliyozimwa.

Ndipo mama alipoweka meza kubwa katika chumba cha nyuma, ukuta hadi ukuta, akaanza kuijenga reli ile upya kwa umbo dogo, garimoshi lenye urefu wa kiganja, mataruma ya njiti za kiberiti, miti ya waya na nyuzi za katani. Yeye aliyeshinda gereji akiondoa kutu, jioni alirudi nyumbani kutengeneza kutu, kwa putti ile ya kuzibia mabati ya magari na unga wa matofali, akahakikisha inakwaruza ncha za vidole, akapaka masizi kwenye bomba la moshi kwa spongi, akayavisha magogo magome ya kweli, akarundika vumbi la mbao kando ya kiwanda, ili kila kitu kishikike.

Behewa la kwanza baba alilipapasa, akasema, "Hili jipya mno, halijawahi kubeba kitu," nayo ndiyo kauli ndefu kuliko zote tulizosikia kwake mwaka ule. Mama akalichukua, akaligonga nyundo, akaliparuza ubavuni, akamrudishia. "Haya, sasa hili limefanya kazi," akasema baba, na kuanzia siku hiyo wakawa wanagombana kama zamani.

"Mke wangu, rangi yote hiyo unampakia nani, na mimi sioni?"

"Nani kakwambia ni yako? Rangi yangu mimi, wewe gusa."

Lakini kwa miaka mingi meza ile ilikuwa na pengo, reli ilifika kona ya daraja ikakatika, ukabaki ubao mtupu, na hakuna aliyeuliza. Mwezi Agosti 2009, sote tukiwa nyumbani, vidole vya baba vilifika pale vikasimama.

"Umeniruka hapa."

"Sikuweza, baba watoto."

"Jenga. Mdogo wangu nimemwacha pale hana hata jani la kumfunika."

Mama alijenga bonde lile hadi mvua za vuli zilipoisha, mizizi iliyochomoza tuta lilipomeguka, nguzo zilizooza miguuni, tope la gundi na udongo, na chini kabisa nyasi ndefu, laini. Baba alipolipapasa, mkono ulishuka taratibu hadi kwenye nyasi ukabaki huko, akalia, kisha akatuambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba hakurushwa, Baba Mdogo alimwambia, "Kaka, ruka, breki niachie mimi," naye akaruka. Mama alilisikia kwa mara ya kwanza pamoja nasi, akaingiza mkono wake mle bondeni, akaushika ule wa baba.

Januari 2023 mama alianza kukohoa, mapafu yakaonekana yameharibika, akalazwa mara kadhaa, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alifariki nyumbani. Baba aliniuliza kama vidole vya mama bado vina rangi, nikamwambia ndiyo, nyekundu, ile ya kutu ya mezani, chini ya kucha. "Msiitoe," akasema, nasi hatukuitoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliokesha nasi, na mafundi wa gereji walioacha magari ya watu wakalipaka rangi jeneza hili kwa mikono yao. Mama ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Baba tuko naye, mama. Pumzika kwa amani.