Moshi Uliohamia Ndani

Sogeeni wanangu, kaeni hapa kitandani niwaguse, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na haya ninayosema sina pumzi ya kuyarudia. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, asiiuze mmoja bila mwenzake. Vifaa vyangu vya gereji namwachia dada yako, na wewe kifungua mimba wangu usinune, maana wewe ni dereva, mambo ya spana hukuyataka tangu utoto. Huko kununiana kwenu tangu msiba wa mama yenu kumenichosha, kumalizeni. Lakini hayo yanaweza kusubiri. Lisilosubiri ni gari.

Nimewasikia uani mkishangilia kwamba gari limepona, halitoi moshi tena. Limeponea wapi, baba? Gari la umri ule halijiponyi. Lilipokuwa likitoa moshi wa bluu ukiliwasha tu, kisha unakatika, nilikwambia ni sili za valvu zimekakamaa, oili inachuruzikia kwenye silinda likiwa limelala. Ukaongeza oili, ukaendelea na safari zako. Moshi ulipoanza kutoka hata likivuta mlima, nikakwambia sasa ni ringi za pistoni zimelika, haziizuii tena oili, lipumzishe. Ukanijibu, "Mzee, pumzika wewe." Haya, nimepumzika.

Sasa niambie, oili imeacha kupungua? Jana nilimtuma dada yako apime, kijiti cha oili kikatoka kikavu. Basi gari bado linakula oili, na moshi wake lazima utokee mahali. Hata mngurumo umebadilika, unakoroma chini ya kiti cha nyuma wala hautokei mkiani. Bomba la eksozi limeoza katikati, mwanangu, limetoboka, na moshi unapanda ndani kupitia sakafu iliyoliwa na kutu, tena pamoja nao inapanda hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo maana mjukuu wangu kila akishuka anashika kichwa na kutapika, nanyi mnasema safari imemchosha.

Najua mnataka kuondoka sasa hivi mkamlete shangazi yenu aniwahi. Injini mmeiacha inanguruma ipate moto, mtoto mmeshamlaza kiti cha nyuma, vioo mmevifunga kwa sababu ya mvua. Namtaka dada yangu kuliko dawa hizi zote, tangu juzi sina wimbo mwingine. Lakini msiende na gari lile, nawasihi, nawapigia magoti humu humu kitandani. Kama hakuna jingine, basi. Nife sijamwona.

Mbona mnatazamana? Si homa hii, nina akili zangu zote. Ule anaolala mtoto garini si usingizi. Nenda, mama, kimbia, mtoe kwanza. Na wewe baba, kazime injini, ufungue milango yote, mengine utanilaumu nikishakufa.

Umerudi, baba? Dada yako amemtoa? Ametapika, eeh... anafumbua macho? Mpepeeni, mkalisheni penye hewa, kisha mtafuteni daktari, msiniangalie mimi. Bado nilikuwa na la kusema, limenitoka. Mungu awatunze, wanangu. Awape kupendana, awape... basi, awape tu. Shangazi yenu mwambieni nilimtaka sana.

Mkishamwona daktari, mleteni mtoto hapa. Mlazeni ubavuni mwangu, upande huu... nimsikie akipumua.