Spidi ya Adolphe

Kijiwe cha mama Perpétue kipo Base Camp ya Nakivale, ubavuni mwa kibanda ambamo Onesphore huwachajia watu simu kwa umeme wa jua. Benchi ni moja tu, refu; anayechelewa hukalia jerikeni. Kahawa hapo ni ya tangawizi, na hakuna habari inayofika ikaondoka nzima. Alhamisi hiyo hata waliokuja kuchukua simu zao tu walibaki wamesimama. Jumamosi Étoile, timu ya kijiwe, ilikuwa inashuka Mbarara kucheza na wanajeshi wa kambi ya jeshi ya huko, na Onesphore, kocha wake, alikuwa amefungua kompyuta yake kuukuu juu ya magoti. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa kuongoza timu. Humo hupigi mpira, wewe ni kocha: unaandika wachezaji wako, unampa kila mmoja alama, moja mpaka ishirini, ya spidi, ya pumzi, ya moyo, unachagua mtindo, kisha unakaa kutazama vidoti vikikimbizana. Onesphore alikuwa ameiingiza Étoile nzima pamoja na mtindo wake wa miaka yote: mpira mrefu kushoto, Adolphe aukimbilie, apige krosi.

Na mbele ya macho ya kijiwe, Étoile ilikuwa imefungwa tena.

— Tatu bila! akalia Munyakazi, ambaye walimwita VAR, kwa kuwa hakuna ubishi uliokwisha kabla hajaurudisha nyuma. Rudisha! Lile la pili ameotea.

— Hairudishwi, sha, akasema Onesphore.

— Minasema hivi, akaingilia Shimwa, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyeitwa Docteur kwa sababu ana dawa ya kila kitu. Kosa haiko ya kompyuta. Kosa ni mutindo. Bazee walisema mwenda pole hajikwai. Sasa nyinyi munaenda pole, hamujikwae, penalti itatoka fasi gani?

Wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote ni Adolphe, fundi matofali, kapiteni, mtu aliyeufyeka uwanja wao wa kwanza kwa panga lake mwenyewe. Uwanjani jina lake ni Ambilansi: akija mbio, wengine wanapisha.

Onesphore hakucheka. Asubuhi, kabla watu hawajafika, alikuwa amemtoa Adolphe kwenye timu humo ndani, akajaribu. Étoile ikashinda. Akajaribu tena, ikashinda tena.

— Tatizo ni uwanja, akasema VAR. Humo umenyooka kama meza ya padri. Wetu una mteremko. Kipindi cha kwanza tunashuka, tunafunga. Cha pili wao ndio wanashuka, sisi tunajilinda. Mteremko uko wapi humo?

— Mbarara hakuna mteremko.

— Basi hata Mbarara wamekosea!

— Ngoja, akasema Shimwa. Iyi kompyuta ulinunuaka wapi?

— Kakoba.

— Aaa! Iko mutu ya Mbarara, iyi. Damu nzito kuliko maji. Itatupenda sisi namna gani?

VAR akasogea mbele, macho yamemtoka.

— Mimi naona kubwa zaidi ya hilo. Inajua sisi ni wakimbizi. Angalia, kila mechi inatuandika wageni. Tucheze huku, wageni. Tucheze kule, wageni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Perpétue akimimina kahawa. Ndiyo maana wao ndio wanaopona.

Adolphe akajipiga paja.

— Mnajisumbua bure. Kocha, nitoe mimi. Nitoe uone watu watakavyolia hapa.

— Chaji imebaki kidogo, akasema Onesphore.

— Wewe si ndiye mwenye umeme? Nitoe!

— Mutoe, mutoe, akaitikia Shimwa. Ugonjwa unapimwa.

Onesphore akatafuta kisingizio kingine, hakukipata. Akaliondoa jina la Adolphe, akaliweka la Muhirwa, kijana wa miguu myepesi asiye na maneno. Vidoti vikaanza kukimbia. Kidoti cha Muhirwa kikapita kushoto, krosi, bao. Kipindi cha pili kikapita tena. Filimbi. Mbili bila, Étoile imeshinda.

Hapo bodaboda ikasimama mbele ya kijiwe. Kijana mrefu akashuka, akipangusa vumbi la barabara ya Kabingo usoni.

— Hamjambo hapa? Mimi Bob, natoka kambi ya jeshi. Natafuta kocha ya Étoile, juu ya mechi.

— Kaa kwanza, baba, akasema Perpétue akimpa jerikeni na kikombe. Wana msiba mdogo.

Bob akakaa, na benchi likalipuka upya, kila mtu akimtetea Adolphe bila kumtazama.

— Ni bahati tu! akasema VAR. Kuku kipofu naye huokota punje!

— Ni virusi, akasema Shimwa. Virusi inaingiaka kwa mawinga kwanza, juu bako karibu na mulango.

— Kivipi karibu na mlango?

— Pembeni si ndiyo fasi ya kutokea?

Adolphe alikuwa haangalii mtu. Alikitazama kioo cha kompyuta, pale vidoti vilipokuwa vimesimama.

— Kocha, akasema. Hiyo ni nini?

Onesphore akaona mlango umefunguka, akauingia haraka.

— Mashine ndiyo imesema, Adolphe, si mimi. Inahesabu tu. Spidi yako ni tano. Mtu wa spidi tano hawezi kufukuza mpira mrefu. Ningefanyaje?

Bob aliinama akachungulia kioo. Hakuwa na ubaya wowote. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kujua.

— Samahani, ssebo. Hii tano, mashine ilijua aje? Ilishaona huyu mzee nakimbia?

Neno lile, mzee, halikuwahi kutamkwa kijiweni juu ya Adolphe.

Onesphore aliikumbuka siku aliyoandika. Kwanza aliweka kumi na mbili, akaitazama. Akafuta, akaweka nane. Kisha akaikumbuka mechi ya Pasaka: mpira mrefu aliopigiwa unatoka nje, na Adolphe, nyuma sana, anainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Akafuta nane. Akaweka tano.

— Onesphore, akasema Adolphe, bila kumwita kocha. Hiyo tano ni yako?

— Ni yangu.

— Toka lini unaniona hivyo?

— Toka Pasaka.

— Na toka Pasaka tunakunywa kahawa benchi hili hili.

— Ulimi ulikuwa mzito. Nilitaka mashine ikuambie.

— Mimi sikutoka kwetu Makamba na mashine, akasema Adolphe. Tulivuka mpaka mimi na wewe. Sema wewe. Kwa mdomo.

Onesphore akafunga kompyuta.

— Jumamosi hutaanza, ndugu yangu. Miguu imechoka. Kushoto ataanza Muhirwa.

Adolphe akaweka kikombe chini, akasimama, akaondoka bila kuaga. Perpétue akamwita polepole kwa jina la mwanawe, "Papa Élyse, kahawa yako," lakini hakugeuka. Wakamwona anafika barabarani, anashika njia ya kwake.

Kisha Adolphe akasimama. Akarudi, uso bado umekunjamana.

— Huyo Muhirwa anapokea mpira akiutazama mguu wake. Beki wa jeshi atamla mzima mzima. Kweli au si kweli, afande?

— Kweli, mzee, akasema Bob. Beki yetu ni hatari sana.

— Mlete uwanjani, Onesphore. Sasa hivi, jua likiwepo. Nimwonyeshe namna ya kuinua kichwa.

— Na kitambaa cha kapiteni atavaa nani? akauliza VAR.

Adolphe alikuwa ameshavuka barabara kuelekea uwanjani, akitembea polepole, bila kuficha kuwa anachechemea. Onesphore alimtupia Perpétue kompyuta mikononi, akakata mbio kati ya nyumba za udongo, akiita kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

— Muhirwa! We Muhirwa! Vaa viatu, unaitwa na Adolphe!