Sauti ya Ngurumo Chini ya Magitaa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, dada anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, niwasimulie maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlizoea kumwita Ngurumo, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1974 katika hospitali ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa dereva wa treni na mama wa nyumbani.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu ufundi wa majokofu mwezi Novemba 1992, na mwaka uliofuata akafungua karakana nyuma ya duka la magodoro, ambako mchana alitengeneza friji, na jioni yeye na wenzake watatu walipiga muziki wa roki wenye makelele ya kubandua chokaa ukutani.

Walirekodi kanda tatu humo humo karakanani, mwaka 1996, 1999 na 2003, ile ya pili ikiwa na mngurumo wa friji ya mteja, ambayo hawakuweza kuizima kwa kuwa ilijaa nyama ya mwenyewe, na redioni ulipigwa wimbo wao mmoja, mara moja, mtangazaji akawaomba radhi wasikilizaji kwa hitilafu ya mitambo. Tulicheka sana, yeye pia alicheka, lakini jambo hilo lilimuuma. Mwimbaji alikuwa yeye, na mitambo ya kurekodia aliipanga yeye, na kila mara aliishusha sauti yake chini ya magitaa, kwani mtu yule mwenye makelele alikuwa na haya kupita kiasi.

Alifunga ndoa tarehe 16 Aprili 2005 na shemeji yetu mshona nguo, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 2006, na binti mwezi Agosti 2015. Mwezi huohuo sauti yake ilianza kukwaruza, akasema ni mafua tu, kumbe ni saratani ya koo, na tarehe 12 Januari 2016 madaktari walilazimika kuiondoa sauti ili kuokoa uhai, na tangu hapo alizungumza nasi kwa mikono. Ugonjwa ulirudi mapafuni, akatutoka asubuhi ya tarehe 3 Machi 2025.

Jana binti yake, mwenye miaka tisa, aliomba jambo moja tu, amsikie baba yake. Tukakaa sebuleni na mpiga ngoma wa bendi, kanda baada ya kanda, kaka yumo lakini hasikiki, hadi kanda ya tatu, kabla ya wimbo wa mwisho, kinasa kikiwa kimeshawashwa, ndipo alipotokea, wazi kabisa, akiwaambia wenzake, "Ongezeni magitaa, jamani, bado nasikika."

Binti aliirudisha tena na tena, wala hakuna aliyemzuia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani mliovumilia kuta kutikisika miaka yote hiyo. Kaka, sauti yako ilikuwa nzuri, laiti ungeiachia. Pumzika kwa amani.