Fundi Kesho, Aliyeingoja Gundi Ikauke

Marehemu kaka yangu, ambaye wateja walimwita Fundi Kesho, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa seremala na mshona nguo. Mimi ni mdogo wake wa kuachiana ziwa, kwa hiyo mengi ninayosema niliyaona kwa macho yangu.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1965, akaenda kusomea ufundi. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzilazimisha. Alichopenda ni mashine ya kukereza, inayozungusha mbao huku ikichongwa, na alirudi nyumbani na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

Mwaka 1974 alifungua karakana nyuma ya ghala la magunia. Aligundisha vipande vya mbao nyeupe na nyekundu vikawa gogo moja, kisha akalikereza likawa bakuli. La kwanza alimpelekea mama mkwe mtarajiwa siku ya posa, mwaka 1977. Mama akaliosha kwa maji ya moto palepale, likaachana vipande vipande ndani ya beseni. Kaka alikuwa ametumia gundi nyeupe, inayofaa mguu wa meza lakini hulainika kwa maji ya moto.

"Fundi," mama akasema, "bakuli limekushinda, binti yangu utamweza?"

Posa ikasimama. Kaka alikonda. Akawa anachemsha vijiti vilivyogundishwa kwenye sufuria za mama yetu, na mama anazitafuta nyumba nzima. Gundi ya haraka ilishika upesi, ikapasuka kijiti kilipoanguka. Ile ya kuchanganya chupa mbili ilishika hata mbao zenye mafuta, ila iliacha mstari mweusi. Mwishowe akapata ya njano isiyoogopa maji, ambayo lazima ibanwe na kuachwa hadi kesho yake.

Nikamwambia, "Kaka, utakuta mwenzio ameshaoa, wewe unangoja gundi!"

"Haraka ndiyo iliyoniponza, mdogo wangu."

Bakuli la pili mama mkwe alililoweka usiku kucha. Halikuachia. Kaka na wifi yangu wakafunga ndoa tarehe 6 Mei 1978. Hata hivyo, mama mkwe aliendelea kumwita Fundi, na kila Jumapili akija kututembelea alitikisa viti kabla ya kukaa. Wakwe wengine aliwaita "mwanangu". Kaka alicheka, lakini lilimuuma. Natamani zile Jumapili zirudi, hata na utani wa mama mkwe.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki hospitalini tarehe 9 Septemba 2024, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na mama mkwe. Asubuhi hii, kabla jeneza halijafungwa, mama mkwe alikataa kiti. Alisimama, akamshika shavu, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote, "Mwanangu, umeniacha na nani?"

Kaka, ameshasema. Nenda ukapumzike kwa amani.