Bi. Mwanamisi na Daftari la Mabano

Tarehe 30 Juni 2024 Bi. Mwanamisi Shemboza anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha kupanga kurasa cha kiwanda chetu cha uchapaji hapa Lushoto. Alishuka kutoka Mtae mwaka 1991, herufi zikiwa bado zinapangwa moja moja kwa mkono, akapewa kazi iliyowashinda wengi: mitihani ya hisabati ya shule za msingi.

Kila aliyesoma anakumbuka MAGAZIJUTO, ule mpangilio wa kukokotoa hesabu, na kwamba mabano ndiyo huanza. Kwa Bi. Mwanamisi yalianza na yalimaliza. Ya nje yawe makubwa kuliko ya ndani, na kila lililofunguliwa lifungwe. Hakumwamini mtu. Ukimwamkia shikamoo kwa sauti tamu kuliko kawaida, aliitikia marahaba, kisha akaomba aone ukurasa wako. Kompyuta zilipokuja na kuanza kufunga mabano zenyewe, alizikagua mwezi mzima.

Nasi tulimshuku yeye. Mwaka 2016, tukiandaa mtihani wa majaribio wa darasa la saba, alionekana akinakili kitu kutoka kwenye maswali na kukifungia kwenye droo. Mpwa wake alikuwa darasa hilo hilo. Kwetu, kuvujisha mtihani ni kufukuzwa kazi na kukabidhiwa polisi. Mtu akapeleka habari kwa meneja, Mama Beatha.

Droo ikafunguliwa mbele yetu sote. Ndani mlikuwa na daftari, nalo halikuwa na namba wala neno. Ni mabano matupu, ukurasa baada ya ukurasa. Bi. Mwanamisi alieleza kwa upole kwamba namba humfanya mtu adhani ameona bano ambalo halipo. Yakiandikwa peke yake, lililokosa mwenzake hujitokeza. Akatuonyesha lililobaki pweke siku ile, la swali la kumi na nne: 40 − (12 + 8 × 2. Mtoto mmoja angefunga bano baada ya 8 na jibu lake lingekuwa sifuri, mwingine angefunga mwishoni na lake lingekuwa kumi na mbili, na hakuna ambaye angejua nani kapata. Ukurasa ulirekebishwa kabla ya kuingia mashineni. Hakuuliza nani aliupanga, wala nani alimshtaki.

Aliyeupanga ni mimi, Anord. Aliyekwenda kwa Mama Beatha ni mimi pia. Nimenyamaza miaka minane, nikijidanganya kwamba hajui.

Ijumaa iliyopita aligawa vitu vyake. Kati yetu wafanyakazi wenzake, Kassimu alipata rula ya chuma, Jesca kikombe. Mimi alinipa ufunguo wa ile droo, akaniagiza nisimwamini mtu, nianze na mimi mwenyewe. Nilipoifungua, daftari lilikuwamo. Pembeni ya lile bano pweke, kwa wino uliokwisha kufifia, palikuwa na jina langu, lililoandikwa baada ya siku ile.

Bi. Mwanamisi, kiwanda kizima kinakushukuru. Tunakuombea afya, matunda mengi ya mapeasi huko Mtae, na mapumziko yasiyo na kitu cha kukagua. Nami nakuomba radhi hapa, mbele ya wote walioitazama droo yako ikifunguliwa.